Kili moja, masaa matatu

Baa hii haina jina. Iliwahi kuwa nalo, limeandikwa kwa rangi nyekundu chini ya nembo ya kampuni ya bia, lakini jua la Sinza, Dar es Salaam, limelifuta lote likaacha nembo. Ukiuliza njia utaambiwa ni pale kwa Mzee, na ukirudi kuuliza “Mzee yupi?” watu watajua umehamia juzi. Shuka kituo cha Mori, ingia kichochoro kilicho kati ya duka la vifaa vya umeme na saluni ya kike, kisha fuata moshi. Moshi ni wa kitimoto, nyama ya nguruwe. Ukianza kumeza mate, umefika.

Kwa miaka mingi nilikuwa nakuja hapa na walimu wenzangu siku za mshahara, tunakaa watu sita, tunapiga kelele, tunaondoka. Mwaka huu nimekaa hapo peke yangu Jumamosi kumi na moja mfululizo, meza ileile ya kona chini ya mwembe. Nilikuwa na kazi. Nafundisha Kiswahili sekondari, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na nilikuwa nimejiandikisha darasa la uandishi ambalo kazi yake ya mwisho ilikuwa insha binafsi ya maneno 1,500 kuhusu mahali pa mtaani kwako unapopapenda. Wenzangu walichagua ufukwe wa Coco, kwaya ya parokia, soko la samaki la Feri. Mimi nikasema baa. Kukawa kimya. Halafu dada mmoja, kwa huruma kabisa, akauliza kama nilikuwa na maana ya mgahawa.

Basi nianze na kinywaji, maana ndicho kinachowaleta wengi.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni “baridi au moto?” Moto ni bia iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, na hakuna atakayekushangaa ukiitaka. Mimi nakunywa Kilimanjaro ya moto. Ni mazoea ya baba, aliyeamini kwamba bia ya baridi ni ya mtu asiyetaka kujua anakunywa nini. Wakati ule wa mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023, sisi wa moto ndio tuliokuwa na amani. Wenzetu wa baridi walikuwa wakipokea chupa, wanaipapasa, wanairudisha kaunta kama shati lisilowaenea.

Safari na Kili ni shilingi 2,500 kwa chupa ya nusu lita. Dada wa kaunta anaifungua mbele ya macho yako, anafuta mdomo wa chupa kwa tishu, kisha anarudisha kizibo juu kama kofia ili nzi wasiingie. Chupa tupu haziondolewi mezani. Mgeni anaweza kudhani ni uvivu, kumbe ndiyo bili yenyewe: usiku ukiisha mnazihesabu pamoja, wewe na yeye. Wapo wanaosogeza zao kidogo kidogo kwenye meza ya jirani, nao wanajulikana, na jirani zao huchagua viti mapema.

Pombe kali ipo, Konyagi ya bapa, chupa ndogo, na ya mzinga, chupa kubwa. Viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017, Mzee anasema kitu cha kwanza kupata nafuu kilikuwa ufagio. Uwanja uliokuwa ukifagiwa mara tatu kwa siku sasa unafagiwa mara moja.

Jikoni naomba niruhusiwe kurefusha. Mama wa jikoni ana gogo la kukatia, ana panga fupi, na ana karai ambalo sijawahi kuliona likiwa limepoa. Unakwenda mwenyewe, unaonyesha kipande unachokitaka, anakining’iniza kwenye mzani ukiona. Kilo 14,000, nusu 7,000. Robo hauzi, robo, anasema, ni ya paka. Kisha anakuuliza kavu au rosti. Sema kavu. Nyama inaingia na maji kidogo, chumvi na ndimu, inachemka mpaka maji yakauke na mafuta yake yenyewe yaanze kutoka, halafu inajikaanga humohumo mpaka kingo ziwe ngumu na ndani ibaki laini. Vitunguu na hoho anavitia mwisho kabisa, anavigeuza mara mbili tu, vinafika mezani bado vinalia menoni. Sinia linakuja na kachumbari, ndizi za kukaanga ukiziagiza, 500 kila moja, na kisahani cha pilipili ya kuponda ambacho huna haja ya kukigusa kwa zaidi ya ncha ya ndizi. Utasubiri dakika arobaini. Wengine wamesubiri saa nzima. Ukimfuata kumharakisha hasemi neno. Anakutazama, anafunika karai, anakwenda kuchambua vitunguu vya mtu mwingine.

Getini yuko kijana wa chips na mishkaki ya ng’ombe, kwa wasiokula mdudu, yaani nguruwe. Ana karai lake, beseni lake la kuoshea, na sahani zake za bluu. Za Mama ni nyeupe. Watu wa meza moja wanakula kutoka majiko mawili na katika Jumamosi kumi na moja sijaona sahani ya bluu ikivuka kwenda beseni la nyeupe. Hakuna tangazo lililobandikwa. Mishkaki yake ni ya wastani, nisimdanganye mtu, ila ukwaju wake ni mzuri.

Kuhusu huduma nitaanza na glasi. Mwanamke akikaa baa peke yake, wanaume wana maelezo mawili tu: anasubiri mtu, au anasubiri mtu yeyote. Jumamosi ya kwanza sikumaliza robo ya chupa kabla ya kupokea ofa tatu, moja ikiwa na salamu za kiinjili. Dada wa kaunta aliona yote hayo kutoka nyuma ya nondo za kaunta yake. Akaja na glasi ya pili, akaiweka upande wa pili wa meza, akaitia maji nusu, akavuta kiti kidogo nyuma kama vile mtu ameinuka sasa hivi. Kila aliyekaribia akamwambia, bila mimi kumtuma, “Shemeji ameenda chooni.” Huyo shemeji ameenda chooni tangu wakati huo. Kila Jumamosi nikifika nakuta glasi yake iko mezani. Sitaona huduma bora kuliko hiyo kwenye hoteli yoyote ya Masaki.

Upande wa pili wa mizani kuna chenji, ambayo huja kwa awamu; meza ya puli, ambayo kona moja inabebwa na tofali; na dubwi, mashine ya kamari iliyo karibu mno na mahali pa kukaa, inameza sarafu za mia mbili na kuimba wimbo uleule wa Kichina mpaka unausikia ndotoni. Mbu wapo, vaa suruali. Siku ya mechi ya watani usije na kitabu. Nilikuwapo Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba tano kwa moja: mpaka mapumziko ilikuwa moja moja na baa nzima ilikuwa ndugu, halafu kipindi cha pili meza ya Simba ikaomba bili kabla mambo hayajaisha, ikapita kwenye geti ikiwa imeinama kama watu wanaotoka msibani. Na choo. Choo nitakirudia.

Mchana wa Jumamosi muziki ni zilipendwa kutoka kwenye flashi ya Mzee, na hapo ndipo baa inakuwa yangu. Upande mmoja mashabiki wa bendi ya Msondo, upande mwingine wa Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, na ugomvi wa nani zaidi, ambao ni mkongwe kuliko wahudumu wote. Mzee ni Sikinde. Hoja yake ni moja tu na haijawahi kumchosha: DDC Mlimani Park ilianza mwaka 1978 ikachukua jina la baa ambamo ilikuwa ikipiga. “Baa kwanza,” anasema huku akigonga kaunta, “bendi baadaye.” Wa Msondo wanamjibu kwamba wao walianza 1964, NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na mfanyakazi ndiye anayelipa bia. Kisha mtu anamtaja Muhidin Gurumo, ambaye aliimba kote kuwili, na kwa dakika chache wote wanakuwa upande mmoja. Saa mbili usiku vijana wanabadilisha flashi, inaingia singeli, na hapo mtu wa umri wangu anaanza kutafuta mkoba wake.

Insha yenyewe ilikuwa haiendi.

Sentensi yangu ya kwanza, Jumamosi ya kwanza, ilikuwa hii: “Baa ni mahali ambapo vileo huuzwa na watu hukutana.” Nikaitazama. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiizungushia wino mwekundu sentensi hiyo kwenye madaftari ya kidato cha pili. Ukiwapa insha ya maji wataanza na “Maji ni kimiminika”; ukiwapa ya mama, “Mama ni mzazi wa kike”. Nimewagombeza, nimewapunguzia alama, na nikipewa kalamu mwenyewe mkono unakimbilia palepale. Jumamosi ya pili nikajaribu upande mwingine: jua lilikuwa likizama, likiipaka Sinza rangi ya dhahabu. Nikainua macho nithibitishe. Kutoka meza ya kona huwezi kuona jua likizama. Kuna jengo la ghorofa nne na nguo zimeanikwa kila kibaraza. Jua la hapa halizami, linaingia nyuma ya mashuka ya watu. Ya tatu ilianza na madhara ya ulevi kwa taifa. Hiyo niliichana kabla haijafika mstari wa pili.

Nikajaribu kwenda mbali zaidi, uani kwa bibi, Kibosho, kwa sababu baa ya kwanza niliyoijua ni ile. Bibi alikuwa akipika mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa kutwa, zinakaa siku kadhaa, ulezi uliooteshwa unasagwa unapikiwa uji, na magome ya msesewe yanatia ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Wazee walikaa kwenye viti vifupi, kata ikizunguka kutoka mkono hadi mkono, na mimi nikipita katikati yao na maji ya kunawa. Bibi hakukaa nao hata siku moja. Alisimama mlangoni, akihesabu kata kwa macho, na mtu akizidisha alikuwa anamtajia jina la mke wake, basi. Niliandika kurasa mbili za hayo, nikaona ni nzuri, nikaona pia kwamba nimeikimbia baa niliyotumwa kuiandika.

Jumamosi ya nne Mzee alikuja mezani mwenyewe, jambo asilolifanya. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Mkononi Stoney Tangawizi ambayo sikuiagiza. “Karibu sana, mheshimiwa,” akasema. Nyuma yake niliona mtu amefunika dubwi kwa shuka la maua, Mama wa jikoni anamwagia gogo maji ya moto, na fremu ya leseni, ambayo sikuwahi kujua rangi yake, imefutwa vumbi. Nikaelewa. Mtu anayekaa baa wiki nne na daftari, anatazama, anaandika, hanywi cha maana, ama ni wa TRA, mamlaka ya mapato, ama ni bwana afya wa manispaa.

“Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu tu. Naandika insha.”

“Marahaba. Insha ya nini?”

“Ya baa.”

“Baa gani?”

“Hii.”

Akavuta kiti, kile cha shemeji, akakaa. “Na hiyo insha, kuna mtu anaisahihisha?”

“Ndiyo, inasahihishwa.”

Akafikiri kidogo. “Basi andika kwamba choo kinatengenezwa.”

Naandika: choo kinatengenezwa. Kilikuwa kinatengenezwa wiki ya nne, na wiki ya kumi na moja kilikuwa bado kinatengenezwa. Mlango umeegeshwa, maji ni ya ndoo, na kufuli ni mguu wako mwenyewe. Dada, nenda nyumbani kwanza.

Wiki ya sita likatokea lile ambalo kila mwalimu wa mjini huliogopa. Meza ya jirani mwanamume akageuka, akaniona, akashusha Castle Lite yake chini ya kiti kwa kasi ya mtu aliyeungua. “Shikamoo, mwalimu.” Mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Baba wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nami, na hii sijui niliifanyaje, nilikuwa tayari nimeshaificha Kili yangu nyuma ya mkoba. Tukaongea juu ya matokeo ya muhula, juu ya mtoto kuandika “ambayo” kila mahali, kwa utulivu mkubwa, wazazi wawili wenye heshima kwenye meza mbili tupu. Mpaka dada wa kaunta akapita na sinia, akainama, akauliza kwa sauti ya kusikika getini, “Baba, hii ya chini ya kiti niondoe, au bado?”

Sasa daftari. Ni kauntabuku la jalada gumu, linakaa chini ya kaunta karibu na kisanduku cha vizibo, na nilikuwa nimepita mbele yake wiki nane bila kulijali. Wiki ya tisa mtandao ulikuwa umelala, Lipa Namba ikagoma, mfukoni nina elfu moja. “Haina shida, Madam, naandika,” akasema. Nikasimama pale anaandika, na kwa kuwa ni kazi yangu kusoma madaftari ya watu yakiwa juu chini, nikasoma.

“Fundi bomba. Safari 4. Amefiwa, asidaiwe mwezi huu.”

“Suti. Kili 2. Kasema Ijumaa.” Na kwa wino mwingine, chini yake: “Ipi?”

“Wale wa bodaboda. Bapa 1. Wamegombana, kila mtu alipe nusu yake.”

Na chini kabisa, wino bado mbichi: “Madam kona. Kili 1. Masaa 3. Anaandika.”

Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba kutafuta kalamu nyekundu. Neno saa halichukui “ma”. Ni saa tatu, nimelifundisha mpaka sauti imekauka. Lakini saa 3 kwenye daftari la baa ingesomeka ni saa tatu usiku, na yeye alitaka kusema kitu kingine: kwamba nimekalia meza ya watu wanne masaa matatu kwa bia moja, kila Jumamosi, na ameniandika, na hajanidai. Nikairudisha kalamu.

“Unaandika vizuri,” nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika nondo. “Madam, mimi Kiswahili nilipata D.”

Nilikwenda nyumbani nikaitoa dhahabu yote. Nikatoa na madhara ya ulevi yaliyokuwa yamejificha aya ya saba. Bibi nikambakiza, mistari sita. Nikaandika kuhusu sahani za bluu na nyeupe, kiti cha shemeji, na mtu aliyefiwa ambaye asidaiwe mwezi huu. Ilitoka maneno 900 na ushei. Mkufunzi akairudisha na alama za kuridhisha, na pembeni ya ukurasa wa mwisho ameandika “Hitimisho liko wapi?” Ni mwandiko wa mtu mwingine, lakini swali ni langu, nimewaulizia watoto wa watu miaka kumi na tisa.

Deni nimelipa Jumamosi iliyofuata, na nikaagiza Kili ya pili, nikaimaliza kwa tabu. Ukitaka kwenda, nenda kuanzia saa tisa mchana, agiza nyama kabla ya kukaa, chukua kavu, beba noti ndogo. Meza nzuri ni ile iliyo karibu na ukuta wa jirani, ina upepo na iko mbali na dubwi. Ya kona chini ya mwembe usiikalie ukiikuta na glasi mbili, hata kama humuoni mtu. Shemeji ameenda chooni, na choo kinatengenezwa.